Mpunga Mkono Aliyetumwa Kupakua Tofali

Naambiwa siku hizi meli pale Tanga zinafunga gatini kabisa. Zamani zetu zilitia nanga mbali, na sisi makuli tulizifuata kwa tishali, yale mashua mapana ya kubebea shehena. Winchi ya meli inateremsha wavu wa magunia ya mbolea, sisi chini tunapokea na kupanga.

Mwenye winchi haoni ndani ya tishali. Kwa hiyo mtu mmoja husimama ukingoni mwa meli, kazi yake kumpungia mkono, teremsha, simama, na kutupigia kelele sisi wa chini tujitenge. Bila huyo ni kazi ya vipofu.

Sisi wa kutoka Lushoto tulikuwa na ila moja. Mlimani mtu mwenye mzigo huangalia anapokanyaga. Ukitazama juu, umeshafika bondeni. Tabia hiyo tulishuka nayo hadi baharini. Wenyeji wa Tanga walitucheka: "Nyie Wasambaa, huku hakuna makorongo! Inueni vichwa!" Tukacheka nao, tukaendelea kutazama miguu. Wa kutupigia kelele si alikuwepo?

Asubuhi moja mnyapara wetu, naye mtu wa milimani kwetu, akamwondoa mpunga mkono. Akamtuma akapakue tofali kwake, alikuwa anajenga. Binamu yangu, mtoto wa mama mdogo, akauliza:

"Mkubwa, sasa nani anatuangalia?"

"Mungu anawaangalia. Pigeni kazi."

Watu wakacheka. Mwenye winchi aliona kabisa pale ukingoni hapana mtu, akateremsha. Wavu ulimshukia binamu yangu mgongoni, ukaniponda na mimi mguu. Yeye alifia palepale. Wengine wanaita ajali. Mimi nasema ni mnyapara na mwenye winchi.

Nikiwa nimelazwa hospitali, mnyapara alipandisha maiti hadi kwetu kwa lori, jeneza kanunua yeye, na kaburini akasimama kusema. Eti marehemu alikuwa mchapakazi ila hasikii, kaambiwa atazame juu hakutazama. Wenzetu wa tishali walikuwepo. Walitaka kazi kesho yake, wakanyamaza.

Nilipoweza mkongojo nilipanda gari Mombo, nikaenda moja kwa moja kwa mama mdogo. Alikuwa anamenya viazi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Pole na mguu."

Nikamweleza yote. Kisu hakikusimama.

"Huyo unayemsema ndiye aliyenirudishia mwanangu," akasema. "Na bati hizi kaniezekea yeye."

"Mama, ndiye aliyemuua."

"Alimtunza kuliko nyie ndugu zake. Kunywa chai, na maneno hayo usiyarudie humu."

Nilirudia, mara nyingi, miaka na miaka. Hakukubali. Akipita kaburini, pale kwenye migomba, alimgombeza mwanawe kama yu hai: "Wewe mtoto, masikio yako yalikuwa ya nini?" Hapo ndipo roho iliniuma kuliko mguu.

Mwaka jana mama mdogo akafariki. Mnyapara, mzee sasa, akapewa tena nafasi ya kusema, akamtaja marehemu kijana na ukaidi wake. Nikasimama nami niseme. Mzee wa kanisa akanishika bega, kwa upole tu: "Ndugu yangu, siyo leo. Leo tunamzika mama."

Nikakaa. Kwani ningesema siku gani tena? Niliyetaka asikie walikuwa wameshaanza kumteremsha.