Miguu Safi Kutoka Wamaza

Jumatatu, kwenye duka la fotokopi hapa Kasongo, mwalimu mmoja alikuwa akichapiwa hadithi yake. Ghafla mama aliyekuwa akimchapia kwenye kompyuta akainua vidole kutoka kwenye vitufe.

"Mwalimu, huyu mwanamuke wa hadithi yako ametoka Wamaza na pikipiki, mvua inanyesha, na anafika kwa bwana yake hapa mjini na kitenge safi?"

"Andika tu, mama."

"Hapana. Sisi wanamuke tunasimamaga kwanza mutoni, tunanawa miguu, tunabadilisha kitenge. Ni pale tunaambianaga maneno ya bwana zetu."

Mwalimu akachukua karatasi zake, akavuta kiti.

"Munaambianaga nini?"

Mama akasukuma kompyuta pembeni, akaanza kucheka.

Mimi nilikwenda pale dukani kutoa kopi moja tu. Nimerudi bila kopi, nikiwaza ni safu zangu ngapi za gazetini zimeingia mjini na miguu safi bila kusimama mtoni.