Kanga Niliyomfunika Seif Uwanjani

Nilikuwa nimepiga magoti katikati ya uwanja wa kriketi pale Kibaha, nimemfunika mwanangu Seif kanga gubigubi, nalia mpaka sauti inakauka. Maiti wangu akafunua kanga akasema, "Mama, nyanyuka basi. Mechi haijaisha."

Mwaka wa nane huu Seif analipwa kucheza kriketi, nami sikuwahi kwenda kumwona. Nimezika watoto wawili, huyo ndiye niliyebaki naye. Siku hiyo shemeji yangu Shomari akaja kunichukua nyumbani Mzenga. Njia nzima ananiambia, "Shemeji, mpira ule ni jiwe. Ukikupata kichwani, umekwenda."

Basi mpira ukapigwa, Seif akaruka kuudaka, akaanguka kifudifudi, kimya. Wenzake wote wakamkimbilia wakipiga kelele. Shomari akashika kichwa: "Shemeji, tumempoteza!" Nikavua kanga ya juu, nikaingia mbio. Shule sikusoma, lakini kumsitiri maiti najua.

Kumbe wenzake wanamshangilia! Kadaka mpira wa yule mpigaji hatari wa wapinzani, kamtoa mchezoni. Uwanja mzima ulinicheka, na mimi nikacheka huku machozi yanatoka. Nacheka nini? Mwanangu anapumua, alhamdulillahi. Waache wacheke mpaka kesho.

Ila Shomari alishapiga simu nyumbani. Tulipofika Mzenga alasiri, majamvi yametandikwa, wanaume wanarudi kutoka makaburini na majembe mabegani. Seif akawaamkia, "Shikamooni." Majembe yakadondoka chini.

Sasa Shomari, nakuuliza mbele ya watu wote: lile shimo la mwanangu atalifukia nani?