Vijiko Viwili vya Maziwa Yangu

Nimeona bora niwasimulie mwenyewe, maana mdogo wangu Monika akisimulia huigiza mpaka jinsi nzi walivyokuwa wanatua, watu wanacheka hadi wanashika ukuta, nami nabaki nimeinama kana kwamba natafuta kitu sakafuni. Basi sikieni kutoka kwangu: mimi, mwanamke mzima, mtu aliyelea wenzake tangu akiwa msichana, nilimwonea wivu mdogo wangu wa damu kwa sababu ya matiti yake. (Si uzuri wake. Uzuri ningeuvumilia. Ni maziwa.)

Kwetu mimi ndiye wa kwanza. Baba alifariki, mama akamfuata kabla mwaka haujaisha, nikaacha shule nikiwa mwaka wa pili wa sekondari, nikakaa mbele ya nyumba yetu mtaani Katuba nikiuza makala (makaa ya kupikia, ndivyo tunavyoyaita huku) ili Monika na wadogo zetu wawili wa kiume waendelee kusoma. Sijutii hata siku moja. Lakini mtu akizoea sana kuwa ndiye anayetoa, mkono wake hujifunza kukaa juu tu, na siku ukilazimika kukaa chini, unauma.

Ukaja ule mwaka ambao vitu vyote viliamua kuanguka pamoja. Mshahara wa mgodini ulikatika. Wanajeshi walivunja maduka ya mjini, na raia wakaingia nyuma yao kumalizia. Majirani zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa, wakaondoka kwa treni, magodoro vichwani, na miongoni mwao walikuwa wauguzi na walimu wetu, hata zahanati ya mtaa ikabaki na muuguzi mmoja tu, Mama Yozefina. Maziwa ya kopo yakawa kitu cha kusimuliana, kama mtu anavyosimulia alivyowahi kupanda ndege uwanjani Luano. Mume wangu na mume wa Monika walikuwa Sakania, kule mpakani, wanatafuta unga, na hatukujua watarudi lini. Ndipo mimi na Monika, kwa akili zetu, tukazaa.

Yeye alizaa kwanza, msichana mnene mwenye mashavu kama mikate. Mimi nikafuata wiki tatu baadaye, na wangu alitoka mwezi mzima kabla ya wakati wake, mvulana mdogo, ngozi imelegea kama nguo ya kuazima. Nikampa jina la baba yetu, Kalenga. Kwa hiyo mnaelewa kwamba hatukuwa tayari kumpoteza Kalenga mara ya pili.

Sasa maziwa. Monika alikuwa nayo ya kugawa mtaa. Mtoto wa jirani akilia kule nyuma ya ukuta, blauzi yake inalowa hapa. Mimi nilikaa na kikombe cha plastiki, nikakamua saa nzima, mgongo unauma, vidole vinauma, na mwishoni nikiinamisha kikombe napata vijiko viwili. Siku ya baraka, viwili na nusu. Mama Yozefina alikuwa ameniambia, "Kamua kila mara akimaliza kunyonya, na ile inatoka umupe na kijiko, hata kama iko kidogo namna gani." Nikatii. Monika alimnyonyesha binti yake, kisha akamchukua Kalenga wangu akamnyonyesha, kisha mimi nikaja nyuma na kikombe changu na kijiko, kama mtu aliyefika kwenye karamu watu wakiwa wanaosha sahani.

Jirani yetu, Mama Kyungu, hakunisaidia. Alisimama mlangoni akanitazama nikikamua, akapigisha viganja vyake mara moja.

"Eh, Mama Kalenga! Vijiko mbili? Hii ni chakula ao ni dawa ya macho?"

"Ni maziwa ya mutoto wangu."

"Acha kujitesa, mama. Mudogo yako iko robine. Fungua, mutoto anakunywa, weye ulale."

Robine, yaani bomba la maji. Nilicheka naye, lakini lile neno nililala nalo. Na kilichoniumiza zaidi si neno la Mama Kyungu. Ni Kalenga mwenyewe. Nikimbeba mimi, alitulia. Monika akiingia chumbani na kusema tu, "Papa wangu, uko wapi?" (alimwita Papa, yaani baba, kwa sababu ya lile jina), yule mtoto, ambaye shingo yake haikuwa na nguvu hata ya kubeba kichwa, aliigeuza shingo. Aliigeuza! Mimi niliyemzaa nikabaki nimeshika kisogo.

Alhamisi ilikuwa siku ya kupima watoto. Akina mama wa mtaa mzima walikaa uani mwa zahanati, watoto wakaning'inizwa kwenye mizani mmoja mmoja kama mizigo ya sokoni, na Mama Yozefina akasoma kilo kwa sauti ili wote wasikie. Na pale foleni, msidhani watu walitazama viatu au vikwembe, yaani vitenge. Vikwembe vyote vilikuwa vimepauka. Walitazama vifua. Mwenye blauzi yenye alama mbili zilizolowa alipita kama mke wa gavana. Mwenye blauzi kavu aliulizwa, kwa huruma inayochoma, "Na weye, mama, unamupa nini?"

Alhamisi moja Monika alikwenda kuchota maji, akaniambia, "Yaya, uningojee, nikirudi nimunyonyeshe mbele, kiisha tuende wote." (Yaya kwetu ni dada mkubwa.) Nikasema sawa. Na hapo hapo, alipotoka tu, wazo likanijia, dogo kabisa: kwa nini nisiende peke yangu, mara moja hii tu, Kalenga apimwe akiwa mgongoni kwangu, na kilo zake zihesabiwe kuwa zangu? Nilikuwa nimeshika kikombe cha munkoyo, kile kinywaji chetu cha unga wa mahindi na mizizi ambacho mzazi hunyweshwa ili maziwa yaje. Nilikuwa nimekunywa madebe, na maziwa hayakuja. Nikatazama kile kikombe. Nikatazama kifua changu. Nikasema moyoni, kama hukutaka kupitia ndani, utapitia nje.

Nikachovya vidole, nikalowesha blauzi, upande huu na upande ule, duara nzuri. Nikajitazama kwenye kioo. Nikaongeza kidogo upande wa kushoto.

Foleni ilinipokea kama bibi harusi. "Mama Kalenga! Leo umejaa!" Hata Mama Kyungu alifungua mdomo akaufunga. Mimi nikatembea polepole (mtu mwenye maziwa mengi hatembei haraka, nilikuwa nimemchunguza Monika), nikakaa katikati, mahali pa jua, ili nionekane vizuri. Hilo la jua likumbukeni.

Zamu yetu ilipofika, Kalenga akawekwa kwenye mizani, na Mama Yozefina akasoma, kisha akasoma tena. Alikuwa ameongezeka. Akapiga vigelegele, maana mwaka ule hakupata nafasi nyingi za kuvipiga.

"Bamama, muangalie huyu! Mutoto alizaliwa kama panya, leo iko muntu! Mama Kalenga, simama. Uambie benzako ulifanya nini."

Hapo ningeweza kusema jina la mdogo wangu. Ni jina fupi. Badala yake nikasimama, nikakohoa, nikasema, "Ni moyo tu. Na munkoyo, asubuhi na mangaribi." Kisha, kwa kuwa walikuwa wananisikiliza, na mimi sikuwahi kusikilizwa na watu wengi namna ile tangu nitoke shuleni, nikaendelea. Nikawafundisha jinsi ya kukaa. Nikawafundisha jinsi ya kupumua! Nikamwambia mama mmoja msichana, ambaye mtoto wake alikuwa amepungua, kwamba asikate tamaa, aniangalie mimi. Akaniangalia, macho yamemjaa machozi. Yule ndiye ninayemkumbuka hadi leo.

Wakati huo Kalenga alikuwa ameanza kulia. Tangu alfajiri hakuwa amenyonya kwa Monika, na mimi vijiko vyangu nilikuwa nimempa zamani.

"Basi munyonyeshe," akasema Mama Yozefina, akimwonyesha yule mama msichana. "Hata huyu mama mutoto aone."

Nikakaa, nikampa. Alivuta mara mbili, mara tatu, akaachia, akapiga yowe. Nikampa upande wa pili. Yowe. Na jua lilikuwa limefanya kazi yake: munkoyo ulikuwa umekauka, duara zangu zimekuwa ngumu kama ngozi ya ngoma, na kwenye kingo zake zilionekana chembe ndogo za unga wa mahindi. Akaja nzi mmoja. Nikamfukuza. Wakaja watatu. Nikahamia kivulini, wakahama na mimi. Bibi mmoja mzee aliyemleta mjukuu wake akasogea, akanusa hewa, akanusa tena.

"Ule maziwa yake," akasema taratibu, "iko na harufu ya munkoyo."

"Anakunywa mingi, bibi," akasema mmoja kunitetea.

Mama Kyungu akanyoosha kidole, akakwaruza blauzi yangu bila kuomba ruhusa, akatazama ukucha wake. Akapaza sauti: "Mama Kalenga! Munkoyo banakunywa na kinywa, hapana na nguo!"

Siwezi kuwaeleza kile kicheko. Kilianzia mbele, kikafika mwisho wa foleni, kikarudi. Watoto wakalia wote. Na katikati ya zogo hilo likafunguliwa lango, akaingia Monika anakimbia, binti yake anadundadunda mgongoni, jasho usoni, na kifua chake kimelowa hadi kiunoni, kweli kweli, bila msaada wa kikombe.

"Yaya! Nakutafuta mutaa muzima! Papa wangu hajanyonya!"

Kalenga akageuza shingo. Mbele ya watu wote.

Nikampa mtoto. Alimnyonya Monika kwa pupa mpaka akapaliwa, akakohoa, akaendelea, na kila nilipomsikia akimeza nilitaka ardhi ipasuke. Si kwa sababu ya kucheka kwao tena. Ni kwa sababu nilisikia jinsi alivyokuwa na njaa, na njaa ile niliipanga mimi.

Mama Yozefina hakucheka. Aliniambia kwa sauti ya chini, "Ile yako kidogo iko na faida, nilikuambia, na ninarudilia. Lakini huyu mutoto haina na mafuta ya kungojea mambo yako na mudogo yako."

Nikasema, wivu ukiwa bado unaniongoza ulimi, "Faida gani? Vijiko viwili. Wote wananicheka. Naacha kukamua leo."

Monika akainua uso. Sijawahi kumwona amekasirika vile.

"Yaya, siku mama alikufa, ulituleteaka muhogo moja. Moja, tuko bantu bane. Nani alikuambia iko kidogo, uitupe?"

 Nikamwendea yule mama msichana, nikamwambia nilidanganya, kwamba mtoto wangu analelewa kwa matiti ya watu wawili na mengi si yangu. Akauliza, "Na yako, inatokaka ngapi?" Nikamwambia. Akasema polepole, "Ya miye inapita pale," yaani yake yanazidi hapo. Akaondoka ameshika mtoto wake karibu zaidi kuliko alivyokuja, na nadhani katika masomo yote niliyotoa asubuhi ile, hilo ndilo pekee lililomfaa.

Jioni nilikamua. Vikatoka viwili, nikampa Kalenga kwa kijiko, akavimeza vyote akalala. Pembeni yangu Monika alikuwa anakamua ya ziada ili apumue, na kikombe chake kilijaa kabla hajamaliza hadithi aliyokuwa ananisimulia. Nilikitazama kile kikombe zaidi kuliko inavyofaa.

Nimeapa sitamwacha tena mtoto alie kwa ajili ya fahari yangu, na nimekishika kiapo hicho. Kuhusu wivu sikuapa kitu. Siku ile nilikuwa nimeshadanganya watu wa kutosha.