Fundi wa Dishi na Gari la Kulala

Fundi wa madishi hakukimbilia kupanda juu ya paa kama mafundi wawili waliomtangulia. Alilizunguka taratibu gari ambalo mama mmoja na mumewe walilifanya nyumba, mikono nyuma, kisha akamuuliza mama huyo, "Mkisafiri, mnaegesha juani au kivulini?"

"Kivulini, mwanangu. Mzee wangu amepooza miguu, anashinda kitandani humo ndani. Joto litamuua."

"Basi dishi la paani halikufai, miti italizuia lisione setilaiti." Akamchagulia dogo la miguu mitatu, la kusimamishwa uwanjani, waya ukirudi garini. Alipiga goti, akalishika kwa ncha za vidole kama anayemgeuza mtoto aliyelala, akalisogeza upana wa ukucha. Ndani, mbele ya televisheni, mzee akapiga kelele, "Picha hiyo!" Papo hapo fundi akalisukuma dishi, likaenda upande.

"Sasa wewe, mama. Huko njiani sitakuwepo."

Mama akapiga goti. Akasogeza, akasikiliza, akasogeza tena, jasho likimtiririka.

"Imekuja!" mzee akaita.

Mama akainua macho kule dishi lilikoelekea, akaduwaa mbele ya anga tupu, wala hakuthubutu kuondoa mkono.