Mama Odile na kimya kisichoandikwa

Saa tisa alasiri, Jumapili, Paris. Mama Odile Garrec amejikunja kama kuku anayeatamia ndani ya kisanduku kilicho mbele ya jukwaa, chini ya sakafu. Rungu la kuanzisha onyesho linagonga sakafu mara tatu juu ya kichwa chake, pazia linafunguka, na anachokiona kwanza ni miguu tu.

"Soksi ya Gaspard imetoboka tangu Pasaka," anasema. "Tamthilia siielewi. Soksi naielewa."

Kwa miaka ishirini na sita kazi yake ni kuwanong'oneza waigizaji maneno waliyosahau. Analipwa faranga mia sita kwa onyesho. Maumivu ya magoti anapewa bure.

Zamani mambo yalikuwa rahisi: mfalme akinyamaza, kasahau. Tamthilia hii mpya inamhusu mtu anayeuza mlango usio na nyumba. Neno "kimya", yaani mwigizaji anyamaze makusudi, limeandikwa humo mara arobaini na moja, na mwongozaji, Bwana Thibaud, huongeza kimya kingine bila kumwambia mtu.

Wiki iliyopita Mama Odile alidhani Gaspard, muuza mlango, amesahau. Akamnong'oneza. Kumbe kilikuwa kimya kipya. Thibaud alimfuata mpaka kisandukuni.

"Mama, ukinivunjia kimya changu tena, usirudi."

"Nitajuaje ni chako, mwanangu?"

"Utakihisi."

"Humu ndani ninachohisi ni vumbi."

Leo Gaspard ananyamaza mahali pasipoandikwa kimya. Viatu vyake vinatetemeka. Mama Odile anafungua kinywa, anakumbuka kodi ya chumba, anafunga kinywa. Dakika moja. Dakika nne. Gaspard anaanza kulia, machozi ya kweli. Watu wanasimama na kupiga makofi.

Nyuma ya pazia Thibaud anambusu Mama Odile mashavu yote mawili. "Umekihisi, mama! Kazi ni yako mpaka ufe."

Gaspard hamwangalii. "Nilisahau hata jina langu," anamwambia. "Nikakuangalia wewe, nawe ukaniangalia kama samaki."

Mama Odile anakaa juu ya mlango unaouzwa, anavua viatu.

"Nilipofanya kazi yangu nilitishiwa kufukuzwa," anasema. "Nilipoiacha, nikabusiwa. Sasa mimi niko hapa wa nini?"

Anasugua magoti kwa muda mrefu, mpaka unashindwa kujua kama amemaliza kuongea.

"Kesho akinyamaza tena namnong'oneza, kimya kiwe cha Thibaud au cha Mungu. Nikifukuzwa, angalau nifukuzwe kwa jambo ninalolielewa."