Mwalimu Aliyekiri Kuiba Nyota

Mlenda unaokauka juani una harufu yake, harufu ya majani yaliyochoka na vumbi la moto, na nyumbani kwetu harufu hiyo ilikaa juu ya vichwa vyetu kiangazi kizima. Mama aliuanika juu ya paa la tembe, paa la udongo lililolala sawa kama sakafu, pamoja na kunde na mtama wa mbegu. Kuuanua jioni ilikuwa kazi yangu na dada yangu Sechelela. Tulipanda ngazi ya miti tukicheka na kusukumana, mpaka mwaka ule nilipokuwa darasa la nne, Mama alipomkataza Sechelela asiiguse ngazi tena. Dada yangu alikuwa na kifafa. Neno hilo hatukulitamka. Tulisema tu kwamba "anaanguka". Mwaka uliotangulia aliangukia motoni, jikoni, akiwa peke yake, na mkono wake wa kushoto ulibaki na ngozi iliyokunjamana kuanzia kiwiko hadi vidoleni. Tangu hapo Mama aliogopa jambo moja tu, naye alilisema waziwazi: kwamba mwanawe ataangukia moto mara ya pili na hapatakuwa na mtu wa kumvuta. Alikuwa na sababu ya kuogopa, maana kijijini kwetu, upande wa Gulwe, watu waliamini kwamba povu la mtu aliyeanguka likikugusa, nawe utaanguka. Sechelela alikuwa na sahani yake na kikombe chake. Nilimpenda sana dada yangu, na nilikiogopa sana kikombe chake.

Mwaka huohuo shule yetu ililetewa mwalimu kijana wa sayansi, Mwalimu Festo, mgeni asiyejua hata neno moja la Kigogo. Kwenye mkutano wa wazazi alisimama, akajitambulisha, akasema kwamba jioni, kwa watoto wanaopenda, atafundisha elimu ya nyota. Wazazi walipiga makofi kuliko walivyompigia mkuu wa shule, na yeye, maskini, akafurahi. Hakujua alichokuwa amekisema. Kiswahili chetu kimeliacha neno hilo moja lifanye kazi mbili. Nyota ni ile inayowaka angani, na nyota ni bahati ya mtu, ile tunayosema inang'aa anapopendwa na imefifia anapokosa kazi, mchumba au afya. Ile ya angani haigusiki, lakini hii nyingine watu husema inachafuliwa, inafungwa, inaibiwa. Hata mnajimu kwetu ni mtu anayepima mwendo wa sayari na pia ni mtu anayekutabiria utaolewa lini. Mwalimu Festo alisimama pale akiizungumzia nyota ya kwanza, na uwanja mzima ukasikia ya pili. Mama alirudi nyumbani akiwa na uso wa matumaini ambao sikuwa nimeuona kwake kwa muda mrefu, na alipoombwa paa letu litumike kwa masomo, kwa kuwa lilikuwa imara na karibu na shule, alikubali kabla mwalimu hajamaliza kuomba.

Basi giza lilipoingia, kabla ya ugali, tulikaa juu ya paa tukitetemeka kwa upepo wa kiangazi, na Mwalimu alipanda na darubini aliyoitengeneza mwenyewe kwa lenzi na bomba la plastiki la maji. Alituonyesha sayari ya Mshtarii na vitone vyake vidogo vilivyojipanga kando, na jioni iliyofuata tukaona vitone vimehama. Hakutuambia kwa nini. Alitaka tubishane kwanza, na tulibishana mpaka Mama akagonga ukuta kwa mwiko. Ndipo akasema ile ni miezi, inaizunguka sayari yake kama mwezi wetu unavyotuzunguka. Alituonyesha nyota nyekundu iliyo katikati ya kundi la Nge, tukasema kwa sauti moja kwamba lazima iwe ya moto kuliko zote. Akacheka, akatukumbusha chuma cha mhunzi, kinavyoanza kuwa chekundu na kuwa cheupe kinapozidi kupata moto. Nyekundu ni ile iliyopoa, akasema. Alitueleza kwamba hakuna mtu aliyewahi kugusa nyota, na kwamba kila tunachokijua kuzihusu kimetokana na nuru yake: wataalamu huitawanya nuru hiyo ikawa rangi za upinde wa mvua, na ndani ya rangi hizo wakasoma nyota imeumbwa kwa nini, ina joto gani, na kama inatujia au inatukimbia. Nuru nyingine, alisema, iliondoka huko kabla babu zetu hawajazaliwa. Alikuwa na kauli moja aliyotuchosha nayo: "Sema ulichokiona, siyo unachotaka kukiona." Sechelela alikaa chini, kwenye mguu wa ngazi, amejifunga kitenge, akituuliza tumeona nini. Mwalimu alipogundua kwa nini hapandi, alishuka, akalifunga bomba juu ya kigoda, na kuanzia hapo Sechelela ndiye aliyetazama wa kwanza.

Kisha Sechelela akaanguka darasani. Wenzake walikimbia, wengine wakaruka nje kupitia madirisha, na Mwalimu Festo akabaki naye peke yake. Alimlaza ubavu, akamwekea sweta lake chini ya kichwa, akamfuta povu kwa mkono mtupu. Shule nzima ilisimama mbali ikimtazama kama mtu aliyekwisha kufa. Jioni alikuja nyumbani, akamwamkia Mama, akamwambia bila kuzunguka kwamba kile ni kifafa, ni ugonjwa wa ubongo kama vile kuna ugonjwa wa tumbo, hauambukizi, na Mpwapwa hospitalini kuna dawa yake. Mama alimsikiliza ameinamisha kichwa. Mwalimu alipoondoka, Mama alisema tu kwamba mwalimu yule amemtukania mtoto. Baada ya siku chache Mwalimu alirudi na maneno yaleyale, na safari hiyo Mama hakumkaribisha kiti.

Mnadani, kwenye soko letu la wiki, alikuwako mtu mwenye kipaza sauti kwenye pikipiki, aliyejiita mtaalamu wa nyota. Mama alimpeleka Sechelela, nami nikafuata. Mtu yule aliuliza jina la mtoto na jina la mama mzazi, akatazama ndani ya beseni la maji, akatikisa kichwa. Nyota ya mtoto huyu imefungwa ndani ya bomba, alisema, na aliyeifunga ndiye pekee anayeweza kuifungua. Sijui nani alikuwa amemnong'oneza habari za darubini yetu. Mnada una masikio mengi. Mama alikaa chini palepale kwenye vumbi. Alianza kukumbuka kwamba tangu lile bomba lipande paani kwetu, Sechelela alikuwa akianguka mara nyingi zaidi. Labda ilikuwa kweli. Labda kabla ya hapo hatukuwa tukihesabu.

Siku iliyofuata mchana, Mama alimshika Sechelela mkono mmoja, mkono mwingine akashika jogoo, tukaenda hadi kwenye nyumba ya walimu. Mwalimu Festo alikuwa nje anafua mashati. Alipotuona alijifuta mikono haraka ili amwamkie Mama, lakini Mama alimwahi. Alipiga magoti.

"Shikamoo, Mwalimu," akasema.

Mama yangu angeweza kumzaa kijana yule. Mwalimu alifungua mdomo na marahaba haikutoka.

"Mama, mimi ndiye wa kukuamkia wewe. Simama, tafadhali."

"Nirudishie mwanangu nyota yake," Mama akasema. "Sitakushtaki popote. Nirudishie tu."

Niliona aibu mpaka masikio yakanichoma, na wakati huohuo nilitulia, kwa kuwa nilijua atakachojibu. Angesema yale aliyotufundisha: kwamba nyota ni matufe makubwa ya gesi inayowaka, yako mbali kupita akili, hayana habari na mtu yeyote. Hakusema. Alimtazama Mama, akamtazama Sechelela, akautazama kwa muda mrefu sana mkono ule ulioungua.

"Nitairudisha," akasema. "Lakini nyota haikai kwenye mwili usiotengenezwa. Kesho mpeleke hospitali Mpwapwa. Watampa vidonge, avimeze kila siku, asiruke hata siku moja. Siku atakayoacha, nyota itaondoka, na mimi sitaweza kuirudisha tena."

"Kwa hiyo ulikuwa nayo," Mama akasema.

"Nilikuwa nayo, mama."

Nilichukia. Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia Mwalimu Festo siku ile. Kesho yake, Mama na Sechelela wakiwa wameondoka na lori la mahindi kwenda Mpwapwa, nilimfuata darasani baada ya wenzangu kutoka, nikamwambia: "Wewe ulisema nyota haziibiki." Alikuwa anafuta ubao. Akajibu bila kugeuka kwamba haziibiki. "Mama yako nilimwambia ukweli mara mbili," akasema. "Ukweli ukampeleka mnadani. Dada yako anaweza kuangukia moto kesho. Ungekuwa wewe, ungefanyaje?" Hasira yangu ikageuka machozi. Aliniomba nisimwambie Sechelela kwa sasa, hadi atakapokuwa mtu mzima na vidonge vimekuwa mazoea yake. Nilikubali shingo upande.

Vidonge vilikuwa vidogo, vyeupe, na Mama alimpa kila jioni kwa mkono wake mwenyewe, akimtazama mpaka ameze. Sechelela akaacha kuanguka. Mwezi ukapita, na mwingine, akarudi kupika, akapanda ngazi kuanua mlenda. Tungepaswa kuwa na furaha, na kwa kweli ndani ya nyumba tulikuwa nayo. Nje mambo yaliharibika. Kama Mwalimu ameirudisha, watu walisema, basi ni kweli aliiba, na aliyeiba moja atakuwa ameiba nyingi. Mzazi ambaye mtoto wake alifeli mtihani alikumbuka kwamba mtoto huyo alichungulia kwenye bomba. Aliyefiwa na ng'ombe alikumbuka kwamba boma lake linaonekana kutoka paani kwetu. Ghafla kijiji kizima kilikuwa na nyota zilizopotea. Ukaitishwa mkutano, na Mwalimu Festo alisimamishwa mbele kama mtuhumiwa. Angeweza kusema kwamba alimdanganya mama mmoja ili mtoto apate dawa. Sechelela alikuwa amekaa mstari wa mbele, anamsikiliza, na Mwalimu akanyamaza. Mtu mmoja tu alisimama kumtetea, naye alikuwa Mama. "Mwacheni," Mama akasema, "mimi ya kwangu amenirudishia." Maneno hayo ndiyo yaliyommaliza. Bomba lilivunjwa kwa mawe, na asubuhi Mwalimu alipanda treni Gulwe na begi lake moja. Wanafunzi tulikatazwa kwenda kumuaga.

Sasa nafundisha fizikia kwenye shule moja ya sekondari Dodoma mjini. Nina simu ambayo nikiielekeza juu inanitajia jina la kila nyota, na wanafunzi wangu hutazama picha zilizopigwa na darubini zilizoko angani, picha ambazo Mwalimu Festo hakuota kuziona. Nje ya geti la shule yetu, kwenye nguzo ya umeme, kuna kibao kilichopigiliwa misumari: TUNASAFISHA NYOTA, na namba ya simu. Nilikuwa nikidhani kibao kile ni cha watu wa vijijini, mpaka nilipomkuta mwalimu mwenzangu mwenye shahada mbili akiinakili namba ile taratibu, akinitazama kwa pembeni. Kijijini kwetu angalau walichukua mawe, walijua wanamwogopa nani. Siku hizi tunaogopa kimyakimya, kila mtu na simu yake mkononi, na hilo linanisumbua zaidi kuliko nilivyotegemea. Mama alifariki akiamini kwamba aliwahi kumsamehe mwizi. Sechelela anaishi Hombolo na mume wake, wanalima zabibu, ana watoto watatu na hajaanguka tangu kiangazi kile. Kila jioni anameza kidonge chake ili nyota isiondoke. Mimi nimewafundisha vijana wengi nyota ni kitu gani, na dada yangu peke yake nilimwacha hivyohivyo, kwa woga kwamba nikimwondolea uongo ule, ataviacha na vidonge.

Mwezi uliopita alinipigia simu akiwa na furaha. Alikuwa amekwenda kwenye maombi, akaambiwa nyota yake imetulia kabisa na dawa hazihitajiki tena. Alitaka tu anijulishe kwamba anaacha. Nilisimama katikati ya ofisi ya walimu nikiuona akilini ule mkono wake ulioungua. Nilikuwa na uongo tayari mdomoni, uongo wa Mwalimu, ungefanya kazi tena. Nikashindwa. Nilimwambia yote: kwamba ni kifafa, kwamba kinachomzuia asianguke ni vidonge na si kitu kingine, kwamba nyota ni moto ulio mbali na haujui jina la mtu, kwamba Mwalimu alikiri wizi ambao hauwezekani ili Mama akubali kwenda Mpwapwa. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake, hata kwa kukatiwa simu.

"Kwa hiyo hakuwa nayo," akasema.

"Hakuwa nayo."

"Basi tulimfukuza bure."

Nilimsikia akilia, nami nikalia. Alisema vidonge atameza, niache kuhangaika, yeye si mtoto. Kisha akataka nimwambie Mwalimu Festo ni mtu wa wapi, ili aende kumtafuta kabla mvua hazijaanza. Sikujua. Tulikaa naye kiangazi kizima tukimuuliza nyota hii iko mbali kiasi gani na ile imetoka wapi, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza kwao ni wapi.