Toleo la Zambarau

Ukimwuliza Bi Lenzi kwa nini anakusanya vitabu vya katuni vilivyoharibika wakati vizima vimejaa tele, atakutazama juu ya miwani yake kwa huruma, kisha atakuonyesha kiti. Usikae kama una haraka. Mume wake, mwuguzi wa zamu za mchana na mtu mwenye subira kuliko wengi wetu, huwaonya wageni mlangoni kwamba akishafungua kabati moja, la pili haliepukiki.

Jina la Bi Lenzi alilipata kazini. Ni fundi miwani. Miaka ishirini na nane amekaa nyuma ya dirisha la duka dogo, akisugua vioo mpaka mtu aliyekuwa akisalimia nguzo za umeme aanze kusalimia watu. Nyumbani kwake, chumba ambacho kingekuwa cha wageni kina makabati mawili ya chuma na meza yenye taa. Katika kabati la kushoto utakuta kitabu ambacho kurasa zake za katikati zimefungwa kichwa chini. Kipo kingine ambacho mapovu ya maneno yametoka matupu, watu wanaachama tu bila kusema kitu. Kipo ambacho ukurasa wa tisa umerudiwa mara tatu, kwa hiyo mwizi anaanguka kutoka kwenye paa mara tatu, na mara zote anavunja mguu uleule.

Wakusanyaji wenzake hukutana Jumamosi asubuhi katika chumba cha nyuma cha duka la vifaa vya shule, na huko neno lake ndilo mwisho wa ubishi. Wapo wajanja wanaotengeneza kasoro nyumbani kwa mkasi na maji ya moto, kisha wanaleta kitabu wakiwa na macho makavu. Bi Lenzi huwaumbua mchana kweupe. Akisema kasoro ni ya mtamboni, ni ya mtamboni. Akisema ni ya jikoni kwako, beba kitabu chako uende.

Kabati la kulia lina toleo moja tu, kuanzia rafu ya juu hadi ya chini. Nakala mia moja na sita za toleo lilelile. Wakusanyaji wanaliita Toleo la Zambarau, na Bi Lenzi alianza kulikusanya akiwa na miaka kumi na mmoja, kwa sababu ya baba yake.

Baba yake alikuwa fundi mtambo katika kiwanda cha uchapaji, na kila mwezi walichapa katuni za mpelelezi mmoja mwenye koti la njano. Kila rangi ilikuwa na bamba lake la chuma: njano, nyekundu, buluu na nyeusi. Bamba likiwa kavu huwezi kujua ni la rangi gani, yote yanafanana. Ndiyo maana fundi mabamba, yule aliyeyatengeneza, alitia nukta pembeni mwa kila moja. Nukta moja ni njano, mbili nyekundu, tatu buluu, nne nyeusi. Nukta hizo zilichapwa kwenye ukingo wa karatasi, kisha kisu cha mashine ya kukata kikauondoa ukingo na nukta zake, msomaji asizione kamwe.

Siku moja bamba la njano likaingia mahali pa buluu, na la buluu mahali pa njano. Anga ikatoka ya njano. Koti la mpelelezi likawa la buluu, na nyuso za watu wote, wema kwa wabaya, zikawa za zambarau. Utasema mtu mwenye macho angeona mara moja. Basi sikiliza walivyokuwa wakifanya kazi. Pale kiwandani fundi mtambo alipojaribisha rangi, hakutazama kitu kingine ila majani. Kijani hutokana na njano na buluu zikikutana, kwa hiyo majani yakiwa ya kijani, rangi zote mbili zimeingia, acha mtambo ukimbie. Siku hiyo kulikuwa na uwanja mpana wa majani kwenye kona ya karatasi iliyokuwa karibu naye. Rangi zilikuwa zimebadilishana nafasi lakini zote mbili zilikuwepo, na majani yakatoka ya kijani, kizito kidogo tu. Nyuso zilikuwa kona ya mbali, na hakuna aliyezoea kutazama nyuso.

Kufikia alasiri marobota yalikuwa yameshasambazwa mji mzima. Mkuu wa kiwanda akauliza swali moja: nani? Baba yake Bi Lenzi akajibu bila kupepesa macho kwamba yeye aliweka mabamba kwa nukta zake, na kama nukta zenyewe zilikosewa, aulizwe aliyezitia. Fundi mabamba akasema hakumbuki kukosea, ila hawezi kuapa. Mabamba yalikuwa yameshakwanguliwa ili yatumike tena, ushahidi hakuna. Aliyesema kwa sauti thabiti akaaminiwa, na aliyesitasita akaachishwa kazi wiki ileile. Hakugusa bamba tena maishani. Alifungua kibanda cha kuchonga funguo, mitaa miwili tu kutoka kwa mwenzake, na kwa miaka arobaini na mmoja wazee hao wawili walipishana njiani kila mmoja akitazama upande wake.

Watu hawakosi la kusema. Shuleni Bi Lenzi aliambiwa kwamba baba yake alimsingizia mwenzake ili aokoe kibarua chake. Akapigana, akapigwa, akarudi nyumbani na sare imechanika. Ndipo alipoanza kuzunguka akiomba nakala za Toleo la Zambarau, akibadilishana kwa penseli na peremende, ili lile toleo lipotee mitaani na maneno yaishe. Alipokua akapata akili nyingine. Hakutaka tena kulificha. Alitaka nakala moja iliyokosewa mara mbili, nakala ambayo kisu kilipita upande na kuacha ukingo, ukingo wenye nukta.

Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Kama fundi mabamba ndiye aliyekosea nukta, basi baba aliweka bamba la nukta moja mahali pa njano kama inavyotakiwa, na wino wa njano ungechapa nukta moja. Kama baba ndiye aliyebadilisha mabamba, wino wa njano ungechapa nukta tatu. Hili la pili alilitaja kwa ajili ya ukamilifu tu. Kila Jumamosi aliwaambia wenzake kwamba siku nakala hiyo itakapopatikana, baba yake atatoka safi kama kioo kilichofutwa, na hakuna aliyethubutu kubisha.

Nakala ilipatikana kwa kinyozi. Mume wake alikwenda kunyolewa kabla ya zamu, katika mtaa ambao si wao, akachukua kitabu kwenye rundo la wateja ili asisikilize siasa za kinyozi. Akampigia mkewe simu nusu ya kichwa ikiwa bado ina nywele. Akamwambia hapa kuna watu wa zambarau, na aliyekikata kitabu hiki lazima alikuwa na usingizi. Bi Lenzi aliacha miwani ya mteja kwenye mashine na kutoka na koti lake la kazi. Kinyozi aligoma kukitoa, eti wateja wake watasoma nini wakingoja. Akapewa vitabu vinane vizima, vyenye nyuso za rangi ya watu. Akaridhika, huku akimtazama mama wa watu kama mtu aliyeliwa mchana.

Aliporudi dukani alifunga mlango, akakaa kitako. Pembeni mwa ukurasa wa kati kulikuwa kumebaki ukingo mwembamba, upana wa kucha. Alama za rangi nyingine zilikwenda na kisu. Ya njano, kama ipo, isingeonekana kwa macho, maana wino wa njano kwenye karatasi iliyozeeka hujificha. Lakini Bi Lenzi hakuitwa Bi Lenzi bure. Alichukua kioo cha buluu, ambacho hugeuza njano kuwa nyeusi, akakiweka juu ya ukingo, akainamisha lenzi ya kukuzia.

Nukta tatu.

Akapangusa kioo, akahesabu tena. Akabadilisha kioo. Akafanya kila jaribio analofanya kwa vitabu vya wajanja wa Jumamosi: akatazama nyuzi za karatasi, akanusa, akapima jinsi wino ulivyozama. Kwa mara ya kwanza maishani alitamani akute udanganyifu. Hakuukuta. Ilikuwa kasoro ya mtamboni, halisi kabisa, nzuri kuliko zote alizowahi kushika, na ilimuuma.

Mkasi ulikuwa palepale mezani. Ukingo upana wa kucha, sekunde mbili, na baba yake angebaki alivyokuwa. Nani angejua? Mume wake angeuliza, naye angesema ukingo ulikuwa mtupu. Bi Lenzi aliutazama ule mkasi, akaurudisha kwenye droo. Hajawahi kukata kitabu, na hakuona sababu ya kuanza uzeeni. Aliwafukuza watu wangapi kwa kosa hilohilo? Akavua koti la kazi, akaenda kwa baba yake jua likiwa bado kali.

Mzee alikuwa akipiga pasi shati lake mwenyewe, maana hajaona bado mtu wa kunyoosha kola ikamridhisha. Umri umekwenda lakini mgongo haujainama. Alipokiona kitabu mkononi mwa bintiye alichomoa pasi kwenye umeme.

"Ukingo upo?"

"Upo, baba. Kidogo."

"Njano ina nukta ngapi?"

Hapo ndipo angeweza kusema moja. Baba yake hakuwa na macho ya kumbishia.

"Tatu."

"Hesabu tena."

"Nimehesabu mara sita, baba."

Mzee akanyoosha mkono. Bi Lenzi akampa kitabu, kioo cha buluu na lenzi, akamwekea taa karibu. Mzee aliinama, akasogeza lenzi kutoka nukta hadi nukta. Bintiye alimwonea huruma, na akajionea huruma mwenyewe, lakini hakumwambia kwamba huenda ni alama ya kitu kingine, wala kwamba ni mambo ya zamani. Mtu aliyefanya kazi na nukta hizo miaka yote hahitaji kudanganywa kama mtoto.

"Nilitazama majani," alisema mwishowe. "Yalikuwa ya kijani."

"Najua, baba."

"Sikusema uongo, mwanangu. Nilikuwa na uhakika. Nilikuwa na uhakika tu, basi." Akaketi. "Na yule bwana hakuwa na uhakika, wakamfukuza."

Bi Lenzi akamweleza bila kuzunguka kwamba Jumamosi atasimama mbele ya wenzake na kusema kilichomo ukingoni, kwa sababu miaka yote aliwahakikishia kinyume chake. Hakuomba ruhusa. Baba yake akamsikiliza, akatikisa kichwa kukubali, kisha akasema Jumamosi ni mbali na kuna mtu anayetakiwa kusikia kabla ya hao wa Jumamosi. Akavaa shati lile lenye joto la pasi, akafunga vifungo vyote hadi cha shingoni. Akakataa kushikwa mkono.

Mitaa miwili, na walikwenda polepole, watu wakiwasalimia. Fundi mabamba wa zamani alikuwa kibandani kwake, amevaa aproni, akipiga tupa ufunguo. Alipoinua macho na kumwona aliyesimama mbele yake, tupa ikasimama.

"Nimekuja kukuambia," alisema baba yake Bi Lenzi, wima, bila hata salamu, "nukta zako zilikuwa sahihi. Mimi ndiye niliyebadilisha mabamba. Nilikukosea, na nikakuacha ubebe lawama."

Fundi mabamba akaweka tupa chini. Alimtazama mwenzake, akamtazama yule mwanamke mwenye kitabu, akanyoosha kiganja. Bi Lenzi akakiweka kitabu juu ya meza ya funguo na kumwonyesha pa kuweka kioo. Mikono ya mzee ilijua kazi. Alikipata kile kiukingo kabla hajaelekezwa mara mbili. Akatazama, na akaendelea kutazama. Mteja aliyekuja kuulizia kufuli alisubiri kidogo, akaona hali ilivyo, akaondoka.

"Mimi nilidhani ni mimi," alisema fundi mabamba. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Miaka yote hii. Watu walisema umenisingizia, mke wangu alisema umenisingizia, marehemu, na mimi nikawa nakutetea. Nilimwambia, yule alikuwa na uhakika, mimi sikuwa nao, basi lazima mkono wangu ndio uliokosea. Ndiyo maana sikutafuta tena kazi ya mabamba. Niliogopa mkono wangu."

Baba yake Bi Lenzi alishika ukingo wa meza. Maneno ya mitaani aliyazoea, alikuwa na majibu yake; ila hili la kutetewa na mtu aliyefukuzwa kazi kwa neno lake hakulitegemea. Fundi mabamba akaona, akasukuma kigoda chake pekee kwa mguu, kikaenda upande wa mwenzake. Yeye akabaki amesimama, kiganja kikiwa juu ya kitabu.

"Mama," akamwambia Bi Lenzi, "macho yangu yameingia maji, sioni. Hebu nihesabie wewe, kwa sauti."

Bi Lenzi akainama juu ya lenzi, akahesabu.